Udongo Usiooshwa

Mgomba wa mwisho wa Ta Rweikiza ulikuwa umesimama kama mtu ambaye hajapata habari za msiba. Majani yake yalikuwa mapana, ya kijani kizito, na yalipepea bila wasiwasi, ilhali wenzake wote waliouzunguka walikuwa wamekwisha. Machipukizi yaliyopandwa masika ya mwaka uliopita yalikuwa yamenyauka, majani yamelala kuzunguka mashina kama sketi zilizovuliwa zikaachwa pale pale.

Muganyizi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mugao, alichuchumaa, akautazama ule mzima, kisha akawatazama wafu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekichemsha kibanja hiki, shamba la migomba la nyumbani kwa mzee. Alikuwa dereva wa Birika la mtaa wa Nyarubungo, mashine ya Idara ya Afya ya Udongo iliyotembea kwa minyororo, ikazamisha mabomba yake ardhini na kusukuma mvuke mpaka udongo ukaiva kama viazi. Sheria ilikuwa fupi: udongo ukikutwa na mnyauko, unachemshwa. Tangu ugonjwa huo ulipoimaliza migomba ya ng'ambo ya bonde, hakuna aliyeibishia.

"Ulinipikia udongo wangu vizuri sana, Mugao," alisema Ta Rweikiza, mzee mrefu aliyesimama nyuma yake akitafuna punje ya kahawa. "Chumvi tu ndiyo ilikosekana."

"Shikamoo kwanza, Ta."

"Marahaba. Sasa nieleze. Uliua ugonjwa, nao umerudi. Umerudi kwa miguu gani?"

Mugao alichomoa kijiti chake cha kupimia udongo kwenye ala, akakichomeka karibu na shina lililokufa. Ncha ya kijiti kile ilinusa kemikali zinazotolewa na viumbe wadogo wa ardhini, wale ambao jicho haliwezi kuwaona. Juu kilikuwa na taa. Kijani maana yake mnyauko haupo, nyekundu, upo. Idara ilitaka taa tu. Lakini waliokitengeneza walikipa pia sauti, na mtu akivaa visikilizio masikioni aliweza kuusikia udongo wenyewe, kila jamii ya viumbe na mlio wake. Madereva wengi waliviacha visikilizio kwenye sanduku. Kazi ilikuwa nyingi, na taa ilitosha.

Taa iliwaka nyekundu. Safari hii Mugao akavaa visikilizio.

Kulikuwa kimya. Kimya cha nyumba iliyohamwa. Na katikati ya kimya hicho kulikuwa na filimbi moja, nyembamba, kali, isiyokata pumzi. Hiyo ilikuwa sauti ya mnyauko.

Alielewa nusu ya jibu pale pale. Mvuke hauchagui. Unamuua mwizi na unamuua mlinzi, na nyumba inabaki wazi. Halafu mtu anapanda chipukizi, na mizizi yake inatoa jasho tamu, kama mizizi yote inavyofanya, kuwaalika viumbe waje kula. Anayefika wa kwanza anakula peke yake. Hapa aliyefika wa kwanza alikuwa ukungu, yaani kuvu ya mnyauko.

Lakini aliletwa na nani? Mugao alikuwa akiyaosha mabomba ya Birika kwa dawa. Watu walikuwa wakiviosha viatu kwenye kila njia panda. Aliyatazama tena machipukizi yaliyokufa, na mara moja akili ikamfunguka. Nyarubungo walikuwa na desturi yao, waliyoiita kujaza mashimo. Kibanja cha mtu kikichemshwa, majirani walikuja kumpa pole, kila mmoja na chipukizi kutoka kwake, na mizizi yake imefungwa kwenye jani pamoja na udongo wa nyumbani kwa mtoaji. Kumpelekea mwenzako chipukizi lililooshwa ilikuwa sawa na kumwekea mgeni sahani tupu. Idara ilikataza malori, majembe na viatu. Haikuwahi kufikiria kuwakataza akina mama waliokuja kulia na mwenzao.

"Ta," aliuliza taratibu, "huu mzima aliuleta nani?"

"Huo? Shangazi yako." Mzee akacheka. "Alikuja ameubeba mgongoni kama mtoto, udongo unamwagika njia nzima. Nikamwambia, Ma Koku, umeniletea mgomba au umeniletea kibanja?"

Mugao alikihamisha kijiti, akakichomeka chini ya ule mgomba. Taa ikawaka nyekundu vilevile, nyekundu ileile. Lakini masikioni mwake kulizuka makelele. Vishindo, mingurumo, vigelegele, kama soko siku ya mnada. Ilibidi afumbe macho na kusikiliza kwa muda kabla hajaipata filimbi. Ilikuwepo. Ilikuwa dhaifu, inakatikakatika, kama mtu anayeita jina katikati ya umati na hakuna anayegeuka.

Akavua visikilizio.

"Umeona nini?" aliuliza Ta Rweikiza.

"Kesho asubuhi," alisema Mugao, "nina amri ya kukichemsha kibanja cha shangazi."

*

Ma Kokuhumbya, yule shangazi, alikuwa ndani ya mtumbwi wa pombe, gogo lililochongwa la kukamulia ndizi, gauni limefungwa kiunoni, akikanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi alizozikata mbugani. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Wanaume wa Nyarubungo walipoanza kunywa pombe ya makopo, yeye, mjane asiyependa kuombaomba, alivua viatu akaingia mwenyewe. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na moshi. Mtaa mzima ulipikia umeme wa jua, yeye peke yake bado alipikia kuni, na wajukuu walimcheka kwamba wali wake una ladha ya moto wa msitu.

"Mpika udongo huyo amefika," alisema bila kuacha kukanyaga. "Umekuja kupima chungu?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwana wa kaka yangu. Kaa. Usikae hapo, hapo patakulowesha."

Mugao hakukaa. Alizunguka kibanja chote na kijiti mkononi. Kila mahali taa ilikuwa nyekundu kama siku ile alipopima mara ya kwanza na kutuma majibu Idara, bila kuvaa visikilizio. Na kila mahali soko lilikuwa limechangamka. Nyuma ya jiko, pale shangazi alipomwaga majivu na kutupa nyasi zilizokwisha kukamuliwa, makelele yalikuwa makubwa kiasi cha kuumiza masikio, na filimbi haikusikika kabisa.

Alirudi, akaketi palepale pa kuloa.

"Shangazi, migomba yako haifi kwa nini?"

"Naitukana."

"Shangazi."

"Nakwambia ukweli. Kila asubuhi. Mgomba ukibembelezwa unadeka, kama mlivyodekezwa ninyi."

Mugao alicheka. Kisha akaanza kumweleza, akiunga aliyoyasikia na aliyofundishwa Idara, na kwa kumweleza alijieleza mwenyewe. Mvua za huku ni nyingi, zinauosha udongo na kuuacha mchachu, na uchachu ndio unaopendwa na ukungu wa mnyauko. Majivu yanakata uchachu. Nyasi za pombe, zikiwa na utamu na chachu ndani yake, zinawalisha viumbe wengine, walinzi, ambao wanajazana kwenye mizizi. Hao wanatoa kitu kama gundi kinachonasa chembe zote za chuma zilizo karibu. Ukungu nao, kama damu ya mtu, unahitaji chuma. Ukikikosa, unakaa pale pale, hai, lakini hauwezi kuchipua wala kuingia mzizini.

"Zamani vijiji vyote vilikuwa na majivu na nyasi za pombe," alisema Mugao. "Tulipoacha kuni, tukaacha kukanyaga, tukawanyima walinzi chakula. Nadhani ndiyo maana mnyauko ulitushinda."

Ma Koku alisimama ndani ya mtumbwi, mikono kiunoni, maji ya ndizi yakimtiririka miguuni.

"Kwa hiyo ugonjwa upo kwangu au haupo?"

"Upo."

"Basi hukuwaongopea wakubwa zako."

"Sikuwaongopea. Ila niliwaambia nusu."

"Na ukinichemsha kesho?"

"Walinzi wote watakufa. Huenda ndio waliobaki Nyarubungo nzima."

"Na usiponichemsha, na kumbe umekosea?"

Hapo ndipo palipomchoma. Mtaa mzima ungeambukizwa kutoka uani kwa shangazi yake, na watu wangesema alimwonea haya ndugu yake. Tena kuwalinda walinzi pale walipo hakukutosha. Ili wawasaidie wengine walipaswa kupelekwa kwa wengine, na hawakuweza kwenda peke yao. Ndani ya kila konzi ya udongo ule wenye kuponya kulikuwa na ugonjwa. Ni nani mwenye haki ya kumpelekea jirani vyote viwili na kumwambia apokee?

"Sijui, Shangazi," alisema.

Ma Koku akaanza tena kukanyaga. "Utajua. Ila kesho ukija, ujue kipi umekitanguliza, birika lako au akili yako."

*

Mkaguzi Mkuu, Adventina Kashaija, ambaye kila mtu alimwita Madamu, alifika mapema, koti la Idara limepigwa pasi na buti zikinuka dawa. Alimkuta Mugao amekaa kwenye ngazi ya Birika, na Birika limezimwa mbele ya mlango wa shangazi.

"Mvuke uko wapi?"

"Naomba kwanza usikilize, Madamu." Akampa visikilizio.

Alisikiliza mahali pamoja, akahamia pengine, akarudi. Alikuwa mtaalamu mzuri kuliko Mugao, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alipovua visikilizio uso wake ulikuwa umelainika kidogo, kisha ukajifunga tena kama mlango.

"Nimeelewa," alisema. "Nami nataka uelewe. Unaona kule?"

Hakuhitaji kunyoosha kidole. Ng'ambo ya bonde kilima kilikuwa na mikaratusi tu, safu kwa safu.

"Pale ndipo nilipozaliwa. Amri ya kukichemsha kibanja cha baba nilipewa mimi. Akaniomba, mwanangu, subiri tuvune kwanza. Yeye pia alisema udongo wake ni tofauti, na majani yalikuwa mazuri kama haya. Nikamwonea huruma. Mvua ikaushusha ugonjwa kwa majirani wote. Wengine wao hawanisalimii mpaka leo. Sasa wewe unaniletea kelele masikioni, unasema niamini?"

"Sisemi uamini. Nasema tujaribu."

"Wapi? Utachukua udongo mgonjwa uupeleke kwa nani? Sheria hainiruhusu, na hata ingeniruhusu nisingeweza kulala. Huwezi kufanya jaribio kwenye chakula cha mtu mwingine."

"Sitaki cha mtu mwingine," alisema Mugao. "Nina changu."

Kibanja cha Mugao, alichoachiwa na baba yake, ndicho pekee Nyarubungo ambacho taa ilikuwa bado ni ya kijani. Kila aliyechemshiwa, mbali na machipukizi ya majirani, alipata mbegu safi kutoka kwake.

"Hicho ndicho akiba ya mtaa," alisema Madamu.

"Kweli, na mbegu nimewagawia, safi kabisa. Iko wapi?" Sauti ilimpanda bila yeye kutaka. "Nenda kwa Ta Rweikiza ukaione. Imelala chini. Mbegu safi ndani ya nyumba tupu, Madamu, ni kumlaza mtoto njiani. Nikikaa na usafi wangu mpaka mwisho, siku mnyauko ukiruka ua nitakuwa kama wao. Nami taa yangu ni ya kijani, lakini sina walinzi. Nimepima. Kwangu ni kimya."

Kutoka ndani ya ua Ma Koku alipaza sauti. "Mwache ajaribu, binti! Akiharibu nitamtukana mimi mwenyewe!"

Madamu hakucheka, lakini pembe ya mdomo ilimcheza. Alizitazama funguo za Birika kwenye kiganja cha Mugao, akazichukua, akazitia mfukoni mwa koti.

"Birika litabaki hapa, mbele ya mlango huu. Na mtaro uchimbwe kuzunguka vibanja vyote viwili, maji yasitoke. Mgomba wako wa kwanza ukinyauka, nitaliwasha mwenyewe, nianze hapa, nimalizie kwako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alipolichukua toroli la kwanza la udongo kutoka nyuma ya jiko la shangazi, Mugao alisimama mpakani mwa kibanja cha baba yake na hakuweza kuvuka. Alisimama pale mpaka mikono ikachoka. Halafu akavuka, akamwaga, akachomeka kijiti. Taa ya kijani ikazimika, ikaja nyekundu. Akaketi chini akalia kidogo, kisha akaenda kuomba majivu.

*

Kukanyaga pombe alijifunza kwa aibu. Ma Koku alimsimamia na fimbo, akimwambia anakanyaga kama mtu anayevuka maji machafu. Kuni ziliwashwa, majivu yakamwagwa, nyasi zilizokamuliwa zikatandazwa juu ya ule udongo mgeni. Vuli ikaja ikapita. Migomba ya juu, karibu na nyumba, ikanawiri.

Ya chini, upande wa kijito, ilianza kupata umanjano.

Mugao aliliona jani la kwanza asubuhi. Akazunguka na kijiti. Chini kule soko lilikuwa limekwisha kutawanyika, zimebaki sauti chache, na filimbi imepata nguvu. Alikaa akiwaza nini kilichotofautiana, mpaka akakumbuka: majivu yalikuwa yamemwishia kabla ya kufika chini. Alikuwa ameweka udongo wa shangazi peke yake, akidhani walinzi watajitegemea. Tena pale maji ya kijito yalituama. Alikuwa amewahamisha walinzi akawanyima chakula, akawalaza kwenye tope.

Angeweza kuing'oa migomba ile na kunyamaza. Badala yake akampigia Madamu simu.

"Imenyauka," alisema. "Si yote. Njoo uone kabla hujaliwasha."

Madamu alikuja na funguo mkononi. Alichukua panga, akakata mgomba mmoja wa chini, na kwenye shina lake kulikuwa na mizunguko ya kahawia nyekundu, kama kutu. Akakata wa pili, kutu. Ma Koku alikuwa amekuja kwa miguu yake, akasimama kando.

Madamu akapanda juu. Akachagua mgomba mnene kuliko wote, wenye mkungu uliokaribia kukomaa. Mugao alifumba macho. Alisikia panga likiingia, kisha maji yakidondoka, kisha hakusikia kitu.

"Fumbua," alisema Madamu.

Shina lilikuwa jeupe kama maziwa, kutoka ukingo hadi ukingo.

Alikata na mwingine, mahali majivu yalipoishia. Ulikuwa na alama moja ndogo pembeni, iliyoanza kisha ikakoma, kama mtu aliyebisha hodi akakosa mwenyeji. Madamu alipiga magoti akaigusa alama ile kwa kidole, buti zake safi zimezama kwenye nyasi za pombe.

"Uliingia," alinong'ona, "ukashindwa."

"Chini nilikosea mimi," alisema Mugao. "Haitoshi kuwahamisha walinzi. Wanataka majivu, nyasi, na mahali pasipotuama maji. Nitaandika hivyo hivyo, pamoja na iliyokufa."

"Andika. Halafu nitasaini Idara iwaagize watu wazima warudi kukanyaga pombe." Akajifuta paji la uso, akaacha tope juu ya nyusi. "Makao makuu watadhani nimelewa."

"Wapelekee na wao kidogo," alisema Ma Koku, "wakubaliane haraka."

Walicheka wote, na Madamu alikuwa wa mwisho kuacha. Alipoacha, aligeuka akatazama mikaratusi ya ng'ambo, na alipozungumza sauti ya Idara ilikuwa imemtoka.

"Ma," alisema, "baba yangu bado yupo. Bado anaishi pale kwenye kiwanja kitupu. Kwa wengine nisingekiri, lakini kwako naomba. Naweza kupata chipukizi moja? Nitaliosha vizuri kabla ya..."

"Ulioshe?" Ma Koku alimkata. "Nikupe sahani tupu uende nayo kwa mzazi wako?"

Alichagua mwenyewe, akachimba kwa mikono, akaifunga mizizi na udongo wake kwenye jani. Kisha akamgeuza Mkaguzi Mkuu kwa mabega na kumfunga chipukizi lile mgongoni kwa kitenge, juu ya koti la Idara. Mugao akamwongezea mfuko wa majivu mkononi. Madamu aliutazama, akazitoa funguo za Birika mfukoni, akaziweka kwenye kiganja cha Mugao, akaanza kushuka kuelekea bondeni.

Njiani, pale kwenye beseni la kuoshea viatu, bonge la udongo lilichomoka kwenye jani likaanguka. Mugao aliliona kutoka juu, akabana pumzi kwa mazoea, maana kwa kosa hilo mwanamke yule alikuwa amewafokea watu miaka mingi. Madamu alisimama. Aliinama taratibu ili mzigo usimtoke, akaliokota lile bonge, akalirudisha mgongoni kwa mkono mmoja, kama mtu anayemfunika mtoto vizuri, akaendelea na safari.